Sura ya Sita: Kabla Hujanunua Kopo

Mtu akishaambiwa kliniki kwamba ana kisukari, haipiti wiki kabla ndugu, jirani au mwenzake kazini hajamletea habari za kopo. Kopo lenyewe lina picha ya majani mabichi na orodha ndefu ya vitamini na madini. Anayeliuza huepuka kusema waziwazi kwamba linaponya kisukari. Husema linasafisha kongosho, linaamsha seli, linaurudisha mwili katika asili yake. Mara nyingi huanza kwa kumpima mteja kwa ile mashine ya kushika kichuma mkononi, ambayo hutoa kurasa nyingi zenye majina ya viungo vyote vya mwili na upungufu wa kila kimoja.

Mashine hiyo haijapima damu wala mkojo. Hakuna njia ya kujua kiwango cha vitamini B12 au madini ya chuma mwilini mwa mtu kwa kumshikisha kipande cha chuma kiganjani. Nalitanguliza hili kwa sababu fedha zinazotolewa baada ya karatasi hizo kusomwa ni nyingi, na aghalabu ni fedha zilizotengwa kwa ajili ya dawa, chakula au ada ya watoto.

Je, mwenye kisukari anahitaji vitamini za ziada? Anahitaji kile alichopungukiwa, na alichopungukiwa hujulikana kwa kupimwa maabara. Chama cha Kisukari cha Marekani, ambacho miongozo yake husomwa na madaktari duniani kote, kimeshikilia kwa miaka mingi kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuonyesha kuwa vidonge vya vitamini, madini, mitishamba au viungo kama mdalasini huboresha sukari ya mtu asiye na upungufu. Hata hivyo upo upungufu mmoja unaowanyemelea wagonjwa wetu wengi, unaoletwa na dawa yao wenyewe ya kila siku, na ambao ni wachache mno waliowahi kuambiwa habari zake. Huo ndio nitakaoukalia kwa muda mrefu zaidi katika sura hii.

Metformini ndiyo dawa ya kwanza anayopewa karibu kila mtu mwenye kisukari cha aina ya pili, awe anatibiwa zahanati ya kijijini au hospitali ya rufaa. Ni dawa nzuri, ya bei nafuu, na nisieleweke vibaya kwa nitakayoyasema: sitaki mtu yeyote aiache. Utafiti uliozaa dawa hii ulianzia kwenye mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, na daktari Mfaransa, Jean Sterne, ndiye aliyetangaza mwaka 1957 matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa wa kisukari. Wanaogawa dawa katika mafungu mawili, za kemikali na za asili, wangefaa kuijua historia hiyo.

Ilipofika mwaka 1971, miaka 14 tu baadaye, madaktari waliripoti kwamba wagonjwa waliotumia metformini kwa muda mrefu walikuwa wakishindwa kufyonza vitamini B12 ipasavyo. Jambo hili limethibitishwa mara nyingi tangu hapo. Nchini Uholanzi wagonjwa 390 waliokuwa wakijichoma insulini waligawanywa katika makundi mawili, moja likapewa metformini, jingine vidonge visivyo na dawa, wakafuatiliwa kwa zaidi ya miaka minne. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. B12 katika damu ya waliotumia metformini ilikuwa imeshuka kwa asilimia 19 ikilinganishwa na wenzao, na kadiri miaka ilivyosonga ndivyo ilivyozidi kushuka. Kwa kila watu 14 hivi waliotumia dawa hiyo, mmoja aliingia katika upungufu ambao asingeupata bila dawa.

Kwa nini? B12 ina safari ndefu kuliko vitamini nyingine. Hupatikana katika vyakula vya wanyama tu: nyama, ini, samaki, mayai, maziwa. Ikifika tumboni, asidi huibandua kutoka kwenye protini ya chakula. Kisha hushikwa na protini nyingine maalumu inayotengenezwa na ukuta wa tumbo, na viwili hivyo husafiri pamoja hadi sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, ambako seli huvipokea kwa msaada wa madini ya kalsiamu. Inaelekea metformini huvuruga hatua hiyo ya mwisho. Chakula ni kilekile, tumbo ni lilelile, ila mlangoni mzigo haupokelewi wote.

Na kinachofanya hatari hii isionekane mapema ni akiba. Ini huhifadhi B12 kama kaya inavyoweka mahindi ghalani: mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, ilhali mwili wa mtu aliyekuwa akila vizuri waweza kuwa na miligramu 2 hadi 5. Kwa hiyo mtu huanza metformini, mwaka wa kwanza unapita salama, wa pili unapita, na akiba inaendelea kupungua kimyakimya. Inapokwisha, yeye na daktari wake wameshasahau kwamba kuna dawa ya kuulizia.

Dalili zake ndizo zinazoniumiza moyo zaidi, kwa sababu zinafanana mno na dalili ambazo kila mwenye kisukari ameshazoea kuambiwa ni za kisukari. Miguu hufa ganzi, nyayo huwaka moto usiku, vidole huchomwachomwa, na mtu hupoteza uthabiti anapotembea gizani. Huchoka, hupauka, husahau, ulimi humwasha. Chukua mfano wa mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 66, aliyetumia metformini kwa miaka tisa. Anafika kliniki, anasema miguu inawaka. Daktari ana wagonjwa 40 wanaosubiri nje. Anaangalia sukari, anaona imepanda kidogo, anamwambia hiyo ni mishipa ya fahamu iliyoathiriwa na kisukari, punguza ugali, rudi mwezi ujao. Huenda yuko sahihi, maana sukari iliyopanda kwa miaka mingi huharibu kweli mishipa ya fahamu. Huenda pia mishipa hiyo inaharibiwa na mambo mawili kwa wakati mmoja, na moja kati ya hayo lina tiba rahisi. Uharibifu utokanao na ukosefu wa B12 ukigunduliwa mapema hurudi nyuma. Ukiachwa muda mrefu, ganzi hubaki.

Mwalimu huyo akiwa pia na vidonda vya tumbo na anameza omeprazoli kila asubuhi, hatari huongezeka, maana dawa hiyo hupunguza asidi inayohitajika kuibandua B12 kwenye chakula. Uzee wenyewe hupunguza asidi hiyo. Na kama nyumbani kwake nyama huonekana siku ya sikukuu tu, ghala lake halikuwahi kujaa tangu mwanzo.

Kuna mtego mwingine hapa, nao unatuhusu sana sisi wa Afrika Mashariki. Mtu akionekana amepauka hupewa vidonge vya kuongeza damu, yaani madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki. Asidi ya foliki kwa wingi huweza kurekebisha damu ya mtu ambaye tatizo lake hasa ni B12. Damu inapanda, kipimo kinapendeza, mgonjwa anapongezwa, na huku mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika kwa sababu foliki haiwezi kufanya kazi ya B12 humo. Ndiyo maana mtu anayetumia metformini akikutwa na upungufu wa damu haitoshi kumpa vidonge vyekundu na kumwaga. B12 yake ipimwe kwanza.

Mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwaandikia madaktari Juni 2022 ikiwataka wapime B12 ya mgonjwa yeyote wa metformini mwenye dalili za upungufu, na wafikirie kuwapima mara kwa mara walio katika hatari zaidi. Miongozo ya Marekani nayo husema hivyohivyo, hasa kwa wenye ganzi au upungufu wa damu. Kwetu, kipimo hiki hakipatikani katika kila kituo, na kinapopatikana mara nyingi mgonjwa hukilipia mwenyewe. Naliona hili kuwa pengo lisilo na sababu ya kuendelea kuwapo. Dawa inayogawiwa kwa watu wengi kiasi hiki inastahili kwenda sambamba na kipimo cha madhara yake yanayojulikana kwa zaidi ya nusu karne. Wasimamizi wa kliniki za kisukari na wa bima za afya wanaosoma kurasa hizi, hili ni ombi langu kwenu.

Tiba yenyewe haina makuu. Kuna sindano, ambazo mwanzoni huchomwa mara kwa mara kisha baada ya kila miezi kadhaa, na kuna vidonge vya mikrogramu 1000 vya kumeza kila siku. Wengi hushangaa: kama utumbo haupokei, kidonge kitasaidiaje? Sehemu ndogo ya B12, takriban asilimia moja, hupenya ukuta wa utumbo bila kuhitaji ile protini ya kuisindikiza. Asilimia moja ya mikrogramu 1000 ni mikrogramu 10, na mahitaji ya siku, kama tulivyoona, ni 2.4. Metformini huendelea kama kawaida.

Sasa tuje kwenye kidonge ambacho wengi wenu mmeshakinunua. Mtu akifika duka la dawa na kusema miguu inakufa ganzi, hupewa vidonge vya mchanganyiko wa B1, B6 na B12, vinavyouzwa kwa majina mengi. Muuzaji huvipendekeza kwa nia njema, na B12 iliyomo yaweza kumfaa mwenye upungufu. Shida iko kwenye B6. Mtu mzima anahitaji chini ya miligramu 2 za B6 kwa siku. Baadhi ya vidonge hivi hubeba miligramu 100 au hata 200 katika kidonge kimoja, na mtu huambiwa ameze viwili au vitatu kwa siku. B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu mishipa ileile ya fahamu ambayo mgonjwa alitaka kuitibu. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani walieleza habari za wagonjwa saba waliopoteza hisia za miguu na mikono kwa kumeza B6 nyingi mno, gramu 2 hadi 6 kwa siku. Hicho ni kiwango kikubwa kupita kiasi, lakini uchunguzi uliofuata uliendelea kukishusha kiwango kinachohesabiwa kuwa salama, na mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka ukomo wa miligramu 12 kwa siku kwa mtu mzima. Nenda ukasome pakiti yako. Kama una ganzi, umetumia vidonge hivyo kwa miezi kadhaa, na ganzi inazidi, usiongeze dozi. Vipeleke kwa daktari ukamwonyeshe kiasi cha B6 kilichomo.

Wapo watakaosema vitamini B hutoka na mkojo, hivyo zikizidi hazina neno. Wasome habari za Kanada. Huko, watu 238 wenye kisukari na figo zilizoanza kuathirika waligawanywa: wengine wakapewa B6, B12 na asidi ya foliki kwa dozi kubwa, wengine vidonge vitupu. Watafiti walitarajia vitamini zitazilinda figo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalikuwa kinyume kabisa. Figo za waliopewa vitamini zilidhoofika haraka zaidi, na matukio kama mshtuko wa moyo na kiharusi yalikuwa mara mbili ya wenzao. Naomba kila mwenye kisukari aliyeambiwa kwamba figo zake zina dalili aukumbuke utafiti huu mtu atakapomletea kopo la kusafisha figo. Figo zilizochoka hushindwa kutoa kinachozidi. Kwa mtu wa namna hiyo hata vitamini C kwa wingi ina hatari, kwa kuwa hugeuka kuwa oksaleti inayotengeneza mawe, na virutubisho vyenye potasiamu vinaweza kuuvuruga moyo, hasa kama anameza pia dawa fulani za shinikizo la damu.

Vingine nitavipitia haraka, kwa sababu havina mengi. Mafuta ya samaki ya omega-3: Uingereza iliwapima watu 15,480 wenye kisukari kwa zaidi ya miaka saba, na ikatangaza mwaka 2018 kwamba waliomeza kidonge cha gramu moja kila siku walipata magonjwa makubwa ya moyo na mishipa kwa kiwango kilekile cha waliomeza mafuta ya zeituni. Kula samaki, basi. Kromiamu, ambayo haikosi katika kopo lolote lenye neno sukari, ilisifiwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini mwaka 2014 mamlaka ya Ulaya ilikataa kuipangia kiwango cha mahitaji ya kila siku, ikisema hakuna ushahidi wa kuridhisha kwamba mwili unaihitaji. Vitamini E ilipewa watu wengi kwa matumaini ya kulinda moyo na haikulinda. Katika utafiti mmoja mkubwa wa Marekani wanaume walioimeza peke yake walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi. Beta-karotini ya vidonge iliongeza saratani ya mapafu kwa wavutaji sigara wa Finland, utafiti wa 1994. Karoti na mchicha havijawahi kushtakiwa kwa kosa hilo.

Vitamini D inahitaji maneno zaidi kidogo, kwa kuwa imekuwa ikisifiwa sana na wengine humeza bila kujua wanatafuta nini. Wengi wetu hatuna haja nayo kwenye kidonge, kwani ngozi huitengeneza yenyewe ikipata jua. Watafiti waliowapima Wamaasai na Wahadzabe wa Tanzania, wanaoishi nje mchana kutwa, waliwakuta na wastani wa nanomoli 115 kwa lita ya damu, kiwango kinachopita kwa mbali kile cha wastani wa wakazi wa Ulaya. Lakini Mswahili anayeishi London au Toronto, mwanamke wa Muscat anayetoka nje akiwa amejisitiri mwili mzima, mfanyakazi wa Dar es Salaam anayeingia ofisini kabla jua halijawaka na kutoka usiku, hao wanaweza kupungukiwa, na wakipungukiwa wanastahili kutibiwa kwa ajili ya mifupa na misuli yao. Kuhusu sukari, matumaini hayakutimia. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2019 uliwapa watu 2,423 waliokuwa ukingoni mwa kisukari mikrogramu 100 za vitamini D kwa siku au kidonge kitupu, na tofauti ya waliougua kati ya makundi hayo mawili ilikuwa ndogo kiasi cha kutoweza kutegemewa.

Kuna kidonge kimoja ambacho nakitetea kwa sauti kubwa, na kinahitajiwa na wanawake wengi kuliko wanaokipata: asidi ya foliki kabla ya ujauzito. Mwanamke mwenye kisukari ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi au hitilafu nyingine za ubongo na uti wa mgongo. Mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo mama wengi hata hawajajua kwamba wana mimba. Kumwanzishia foliki siku anapokwenda kuandikishwa kliniki ya wajawazito, miezi mitatu au minne baadaye, ni kuchelewa. Mwongozo wa Uingereza humpa mwenye kisukari miligramu 5 kwa siku tangu anapopanga kushika mimba hadi wiki ya 12, kiasi kinachozidi mara 12 kile cha mikrogramu 400 wanachopewa wanawake wengine. Vidonge vya miligramu 5 vinapatikana katika maduka ya dawa ya kawaida na bei yake ni ndogo. Dada unayeishi na kisukari na unayetaka mtoto, zungumza na daktari kabla, na sukari yako ipangwe kabla. Kina mama wakwe na wifi, msimharakishe.

Nitoke kwenye vitamini kidogo niingie kwenye majani na magome, maana huuzwa meza moja. Mdalasini, uwatu, karela, mlonge, habasoda: baadhi hushusha sukari kidogo, na hapo ndipo tahadhari inapohitajika. Mtu anayemeza glibenklamaidi au anayejichoma insulini akiongeza unga wa uwatu kwa vijiko kila asubuhi, sukari inaweza kushuka kupita kiasi, akatetemeka, akatokwa na jasho, akachanganyikiwa, akaanguka. Mdalasini wa kasia, ule wa magome mazito na magumu, una kumarini ambayo ikizidi huumiza ini. Kuutia kwenye chai au pilau hakuna tatizo lolote. Kuula kwa vijiko kila siku kama dawa ni jambo jingine.

Hatari kubwa zaidi ni kile kisichoandikwa. Katika miezi mitano ya mwanzo ya mwaka 2008, watu 150 walilazwa hospitalini Singapore kwa sababu sukari yao ilikuwa imeanguka vibaya, ingawa hawakuwa na kisukari kabisa. Wanne walifariki. Uchunguzi uligundua kwamba wengi wao walikuwa wamemeza vidonge vya kuongeza nguvu za kiume, vingine vikiuzwa kuwa vya mitishamba, na ndani yake mlikuwa na glibenklamaidi kwa wingi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani nayo imetoa maonyo kuhusu bidhaa za asili za kisukari zilizokutwa na dawa za hospitali zilizofichwa ndani. Kwa hiyo mtu akikuambia kuwa kopo lake lilimshushia sukari kwa siku tatu, amini kwamba sukari ilishuka, kisha jiulize ni nini kilichoishusha. Usinunue chochote kisicho na usajili, nacho usajili uuhakikishe kwa mamlaka husika: Tanzania ni TMDA kwa dawa, na Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu.

Kabla ya kwenda maabara, taja kila unachomeza. Vitamini C kwa dozi kubwa, hasa ile ya dripu inayouzwa siku hizi kwa ajili ya kung'arisha ngozi, huweza kuzidanganya baadhi ya mashine za kupimia sukari zikaonyesha imepanda kumbe haijapanda, na mtu akajichoma insulini asiyoihitaji. Biotini, iliyomo katika vidonge vya nywele na kucha, huvuruga vipimo vya tezi ya shingo na hata kile cha mshtuko wa moyo. Upungufu wa madini ya chuma nao huweza kukipandisha kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu bila sukari yenyewe kupanda. Na vitamini za maji, za kutafuna na za kuyeyusha kwenye glasi, soma kwanza kama zina sukari, nyingi zinayo.

Chakula kinabeba sehemu kubwa ya kazi hii. Sukari inapokuwa juu, mtu hukojoa sana, na magnesiamu hutoka na mkojo. Magnesiamu hiyo iko kwenye maharage, karanga, mbegu za maboga, matembele, kisamvu, na kwenye mahindi yasiyokobolewa. Sembe nyeupe imeondolewa kiini na pumba, pamoja na sehemu kubwa ya vitamini B na madini; dona imebaki nazo. Dona nayo hupandisha sukari, hivyo isiwe sababu ya kuongeza tonge. Kwa B12, kikombe cha maziwa, yai, kipande cha ini mara moja kwa wiki, au dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao, hutosha kwa mtu ambaye utumbo wake unapokea. Dagaa ni chakula cha bei nafuu chenye protini, kalsiamu na B12 kwa pamoja, na inasikitisha kuona wanadharauliwa mezani kwa mtu ambaye kabatini ana makopo matatu kutoka ng'ambo.

Nimalizie na fedha. Mwenye kisukari ana matumizi ambayo hayana mbadala: dawa, stripu za kupimia, viatu vinavyomkaa vizuri, kipimo cha macho na cha figo walau mara moja kwa mwaka. Wengi hukosa stripu na kukaa wiki nzima bila kujua sukari yao, huku wakilipa kopo la virutubisho kwa awamu. Kama una uwezo wa kulipa kopo, lipa kwanza stripu.

Na utakapokwenda kliniki safari ijayo, weka kwenye mfuko kila kidonge, kopo, unga na chupa unayotumia nyumbani, pamoja na zile ulizopewa na shangazi na ulizoficha kwa kuogopa kugombezwa. Vimwage mezani mbele ya daktari au muuguzi. Mwambie umetumia metformini kwa miaka mingapi, kisha muulize: B12 yangu imewahi kupimwa?